Pumu Wakati wa Kipupwe katika Nchi ya Rungwe

Ninyi wanafunzi mnaosoma kitabu hiki kwa sauti ili wazee wa nyumbani wasikie, leo twataka kuwaeleza habari ya pumu, na hasa namna ugonjwa huu unavyozidi nguvu katika miezi ya baridi, yaani Juni, Julai na Agosti. Tumeichagua nchi ya Rungwe iwe mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, baridi yake si kama baridi ya mahali pengine. Pili, kwa ajili ya salamu yake. Mtu wa Tukuyu akikutana na mwenziwe humwambia, "Ugonile," neno ambalo kwa asili yake huuliza kama mtu amelala. Ni salamu njema, lakini katika nyumba yenye mtoto wa pumu ni swali gumu. Mama aliyekaa kitandani tangu saa nane ya usiku, amempakata mtoto ambaye kifua chake chalia kama filimbi, hujibu kwamba amelala, maana ndiyo adabu. Kisha hushika jembe na kwenda shambani naye hajafumba jicho.

Wilaya ya Rungwe imekaa juu ya miteremko ya mlima wa Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,960 juu ya bahari. Mji wa Tukuyu uko kwenye mita 1,500 na zaidi. Ukishuka kusini hata Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa wakuta joto kama la pwani, kwa kuwa ziwa lenyewe liko chini ya mita 500. Mvua ya Rungwe yapita mvua ya sehemu nyingi za Tanzania. Mahali pengi hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa neema hiyo migomba na chai hustawi. Lakini neema hiyo ina gharama yake. Dodoma na Singida kipupwe ni kikavu, cha upepo na vumbi. Rungwe, hata mvua kubwa za Aprili na Mei zikiisha kupita, manyunyu na ukungu hubaki. Nguo hukaa kambani siku mbili zisikauke. Kuni huwaka kwa shida. Bati la paa hutoa jasho alfajiri likadondokea vitandani. Usiku joto hushuka hata kufika nyuzi 10 za sentigredi, na kule juu, upande wa Isongole, hushuka zaidi.

Basi katika hali hiyo watu husema, "Pumu ni ugonjwa wa baridi, dawa yake ni joto." Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iletayo hasara. Ili tuione vema, na tutazame kwanza ndani ya kifua.

Pumzi tuvutayo hupita puani na kooni, kisha huingia katika bomba moja kuu, ambalo hugawanyika mara mbili, na tena, na tena, kama shina la mti na matawi yake, mpaka vijitawi vyembamba kama uzi. Kwa mtu wa pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba kidogo siku zote, hata siku anapocheka na kucheza mpira. Uvimbe huo huifanya mirija iwe myepesi wa kukasirika. Ikiguswa na kitu isichokipenda, misuli inayoizunguka hujikaza kama kamba ya mfuko, uvimbe huzidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu, na kutoka hutoka kwa taabu zaidi. Ndiyo maana sauti ile ya filimbi husikika hasa mgonjwa anapotoa pumzi. Ugonjwa huu haumwambukizi mtu. Kikombe cha mwenye pumu hakina hatari, wala kulala naye chumba kimoja. Mara nyingi hufuata ukoo, na hapo ndipo majirani huanza kunong'onezana habari za uchawi. Lakini mtoto hurithi mirija yenye hasira kama arithivyo pua ya babu yake.

Si ugonjwa mdogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo katika mwaka huo mmoja. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi zisizo na mali nyingi, ambako dawa haifiki, au hufika imechelewa.

Sasa turudi kwenye baridi. Hewa baridi kweli huichokoza mirija. Kazi ya pua ni kuipasha hewa moto na kuitia unyevu kabla haijafika kifuani. Lakini mtoto akipanda kilima mbio kwenda shule, mbele ya jua, hupumua kwa kinywa, na hewa ile humfika kifuani ingali baridi. Dawa ya jambo hili ni rahisi: avae shali au kitambaa juu ya pua na kinywa, atoke nyumbani mapema ili asikimbie, na afumbe kinywa. Hiyo ndiyo hatia ya baridi yenyewe, nasi twaona ni hatia ndogo. Hatia kubwa ni ya yale tuyafanyayo sisi wenyewe tunapokimbia baridi.

Tuseme kuna nyumba moja karibu na Kiwira, nyumba nzuri ya matofali na bati. Jioni ya Julai ukungu umeshuka. Baba afunga madirisha yote, na nyufa atia matambara. Mama aingiza mafiga ya moto sebuleni, maana jikoni nje ni baridi, na kuni ni mbichi kwa sababu ya manyunyu. Bibi afungua sanduku, atoa mablanketi mawili yaliyokaa humo tangu mwaka jana, amfunika mjukuu wake mwenye pumu hata kichwani. Mahindi mapya yaning'inia darini juu ya moto, yakauke. Kila mmoja ametenda kwa upendo. Lakini tukihesabu, mtoto yule amefungiwa chumba kimoja pamoja na moshi, vumbi la mablanketi, kuvu ya ukutani na mavumbi ya mahindi. Na kama ndugu yake amerudi na mafua kutoka shuleni, adui wa tano naye yumo. Saa tisa ya usiku, saa ambayo mirija ya pumzi hupungua upana kwa kila mtu, mwenye pumu na asiye na pumu, mtoto aamka akihema. Asubuhi watasema, "Baridi ya jana imemdhuru."

Katika hao wote moshi ndio mbaya zaidi, na twataka kukaa kidogo hapa. Kuni mbichi haiwaki sawasawa. Sehemu yake kubwa hugeuka moshi wenye chembe ndogo sana, ndogo hata pua haiwezi kuzikamata, zikashuka mpaka mwisho wa mirija. Nyumba inayohitaji kuni za Julai yapasa kuzikata mapema, na kuzipanga chini ya upenu au banda la bati, zikiachiwa nafasi upepo upite. Twajua kwamba katika nchi ya mvua nyingi namna hii ni rahisi kusema kuliko kutenda, lakini hata majuma manne ya upenuni huleta tofauti ambayo macho ya mpishi yataiona kwanza. Jiko libaki katika nyumba yake. Kama halina budi kuwa ndani, liwe na dohani ya kutoa moshi juu ya paa, au angalau nafasi chini ya bati pande mbili zinazoelekeana, ili hewa ipite. Na mtoto mwenye pumu asiwe ndiye atumwaye kupuliza moto. Jambo hili twalisema kwa sababu katika nyumba nyingi kazi hiyo ni ya watoto, na kwa kuwa hulia machozi kila mtu apulizapo, hakuna amtazamaye yule anayehema.

Wengine huacha kuni na kuingiza jiko la mkaa chumbani mwa kulala, wakidhani mkaa hauna moshi. Hapo hatusemi habari ya pumu tu. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, nayo huua watu wazima wenye afya katika usingizi wao. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja. Joto la kitandani lipatikane kwa nguo, kwa soksi, na kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Mablanketi nayo. Ndani ya magodoro na mablanketi huishi wadudu wadogo mno, namna ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Chakula chao ni magamba ya ngozi yetu yadondokayo usiku. Hawaumi, mavi yao ndiyo yanayochokoza mirija ya pumzi. Hupenda unyevu, na kwa hiyo blanketi lililofungiwa sandukuni katika nchi ya Rungwe ni mji wao. Kabla ya Juni, siku yoyote ya jua, mablanketi yote yatolewe, yafuliwe, yaanikwe mpaka yakauke kabisa. Maji yakiwa ya moto sana, nyuzi 60 hivi, huwaua. Godoro liegemezwe nje juani. Anayepiga vumbi la godoro asiwe yule mwenye pumu.

Kiswahili chetu kina neno moja, ukungu, kwa mambo mawili: lile wingu lishukalo mlimani, na ile kuvu iotayo juu ya mkate na ukutani. Twadhani waliolitumia neno hilo hivyo walikuwa na macho mazuri, maana huko Rungwe mmoja huzaa mwingine. Kuvu nyeusi au ya kijani ukutani nyuma ya kitanda hutoa mbegu zinazopeperuka hewani. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitanda kivutwe mbali na ukuta, na dirisha lifunguliwe kila siku tangu saa nne hata saa tisa, jua likiwapo au lisiwepo. Nyumba iliyopata hewa mchana haina haja ya kuwa baridi usiku. Mahindi yapukuchuliwe nje, na mwenye pumu akae upande utokako upepo.

Mafua hatuwezi kuyafukuza kwa dirisha. Likizo ya katikati ya mwaka ikiisha, watoto warudi shuleni Julai, nayo mafua hupita darasani kutoka dawati hata dawati. Kwa mtoto wa pumu, mafua ndiyo kichokozi cha mara nyingi kuliko vyote. Kunawa mikono kwafaa, na kukohoa katika kiwiko kwafaa. Kumpa dawa za kuua bakteria kwa ajili ya mafua hakufai, kwa kuwa mafua hayaletwi na bakteria. Na tahadhari na dawa za kuchua zenye kafuri na harufu kali, na kujifukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi: wako ambao harufu hiyo yenyewe huwakaza kifua, na sufuria ya maji ya moto imeunguza watoto wengi. Tumbako hatuna haja ya kuisemea sana. Mzee avute nje, mbali.

Katika wilaya ya chai na kahawa, mtu atauliza kama kinywaji cha moto chasaidia. Swali hilo lina historia. Mwaka 1860 daktari Henry Hyde Salter wa London, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alichapisha kitabu juu ya ugonjwa huu, naye aliisifu kahawa kali. Mwaka 1888 Mjerumani Albrecht Kossel aligundua katika majani ya chai kitu kiitwacho teofilini, ambacho baadaye kilifanywa dawa ya pumu. Na vidonge vya aminofilini, ambavyo watu wengi wamewahi kupewa, ni ndugu yake. Kwa hiyo waliosema chai yafungua kifua hawakuota. Lakini teofilini iliyomo kikombeni ni chache mno. Kunyweni chai kwa sababu ni tamu na ya moto, wala msiifanye kuwa tabibu.

Dawa za kweli ni za namna mbili, na kuzichanganya katika akili kumeleta misiba. Ya kwanza ni dawa ya kufungua, salbutamoli, ile ya kuvuta ambayo watu huiita pampu. Hulegeza misuli iliyojikaza, nayo hufanya kazi kwa dakika chache, lakini haigusi ule uvimbe wa siku zote. Ya pili ni dawa ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo nayo huvutwa, na kazi yake ni kuondoa uvimbe polepole. Haimsaidii mtu papo hapo. Hutumiwa kila siku, hata siku za afya, na baada ya kuivuta mtu husukutua kinywa kwa maji. Wengi huiacha Mei kwa sababu wamepona, na Julai huwakuta mikono mitupu. Mwaka 2019 Mpango wa Dunia wa Pumu, ujulikanao kwa herufi GINA, ulibadili mashauri yake, ukasema watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa dawa ya kufungua peke yake, maana ahueni ya haraka huficha moto unaozidi chini ya majivu.

Tumesikia watu wakisema pampu humzoeza mtu, au kwamba aliyeanza pampu amekaribia kaburi. Twafahamu asili ya maneno hayo. Watu wengi hupewa pampu wakiwa wamekwisha chelewa sana, na jirani huona pampu na mauti pamoja, akadhani moja imeleta jingine. Dawa ivutwayo hufika kifuani moja kwa moja kwa kiasi kidogo. Kidonge chapaswa kupita tumboni na damuni, kwa kiasi kikubwa, kikitetemesha mikono na kuupiga moyo mbio.

Lakini pampu ina shida yake: watoto na wazee hushindwa kuvuta pumzi wakati ule ule wanapobonyeza, na dawa hubaki ulimini. Hospitali hutumia kichupa cha kuvutia dawa, nacho hakipatikani kila mahali. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita yaweza kufanya kazi hiyo kwa watoto vizuri kama kile cha dukani, ikiwa imezibwa sawasawa. Itengenezwe hivi. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa pampu. Upashe moto katika makaa, kisha uukandamize katika kitako cha chupa utoboe tundu la umbo hilo hilo, lisizidi. Kazi hii ifanyike nje, na mgonjwa akae mbali, kwa sababu harufu ya plastiki iunguayo ni mbaya kwake. Ingiza mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, ili dawa isishike kwenye kuta zake. Mgonjwa hufumba midomo juu ya shingo ya chupa. Mtu hutikisa pampu, hubonyeza mara moja, naye hupumua polepole mara nne hata sita kabla ya kubonyeza tena. Kwa mtoto mchanga mwulizeni muuguzi habari ya kifuniko cha uso.

Shambulio likija usiku, mketishe mgonjwa wima, wala msimlaze. Mpeni dawa ya kufungua kwa njia hiyo, mara nne, moja moja. Ngojeni dakika nne. Kama hakuna nafuu, rudieni mara nne, huku mmoja wenu akitafuta chombo cha kwenda hospitali. Akiwa hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, mtoto akishindwa kunyonya, au ile filimbi ya kifuani ikinyamaza naye angali akihangaika, msingoje alfajiri wala ukungu uondoke. Filimbi ikinyamaza hivyo maana yake hewa haipiti tena. Njiani endeleeni kumpa dawa. Kama chombo ni pikipiki, mgonjwa akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika, uso umefunikwa shali.

Si kila kikohozi cha kipupwe ni pumu. Kikohozi kilichopita majuma mawili chahitaji kupimwa kifua kikuu, na mtoto mwenye homa anayepumua mbio huenda ana kichomi. Kwa hiyo kabla ya Juni, mwenye kifua kilichomsumbua mwaka jana aende hospitali ya wilaya huko Tukuyu, aulize ni ugonjwa gani na dawa ya kuzuia ni ipi. Daktari atauliza mambo ambayo yafaa kuandikwa daftarini tangu sasa: ni usiku mara ngapi kwa juma ameamka akihema, na ni mara ngapi amehitaji dawa ya kufungua. Mwalimu naye aambiwe, na mtoto aruhusiwe kukaa na pampu yake darasani, isifungiwe kabatini mwa ofisi.

Pampu moja ya salbutamoli ina vipimo 200. Kuitikisa hakuonyeshi kilichobaki, kwa sababu hewa ya kusukuma husikika hata dawa ikiwa imekwisha. Andikeni juu yake kwa kalamu siku ilipofunguliwa, na kila mara inapotumika tieni alama katika daftari lile lile. Alama zikifika 150, nunueni nyingine.